Kilomita Zilezile, Saa Tofauti

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi Uwanja wa John F. Kennedy, New York, ni kilomita zipatazo 11,840. Tarakimu hiyo haibadiliki kwa msimu wala kwa bei ya tiketi. Ndege kubwa ya abiria ya siku hizi ikishafika juu huenda karibu kilomita 900 kwa saa, basi mwenye kujua kugawanya atapata saa 13 na ushei. Vikokotoo vingi vya safari vilivyomo kwenye simu hufanya hesabu hiyohiyo, vikaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, vikatoa jibu. Hesabu yenyewe ni sahihi, ila haimwambii msafiri anachotaka kukijua. Ratiba ya ndege inayokwenda moja kwa moja kati ya miji hiyo miwili husema saa 14 hadi 15. Na kabla ya Oktoba 2018, ndege hiyo ilipokuwa haijaanza, msafiri huyohuyo alipitia London, Amsterdam, Dubai au Addis Ababa, akatumia saa 19, saa 20, na pengine zaidi ya siku nzima. Viwanja ni vilevile, dunia haikusinyaa, na ndege hazikuongeza mwendo. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba umbali huweka kiwango cha chini tu cha muda wa safari, saa ambazo hakuna awezaye kushuka chini yake. Saa zinazozidi hapo, ambazo kwa msafiri wa Afrika Mashariki mara nyingi ndizo nyingi na ndizo zinazochosha, huwekwa na watu: wenye kutoa vibali, wenye kutia saini mikataba, wenye kupanga ratiba. Na kilichowekwa na watu huweza kuondolewa na watu.

Kabla ya kwenda mbali, tiketi yenyewe huleta utata ambao inafaa kuuondoa. Saa zinazoandikwa kwenye tiketi ni saa za mji wa kuondokea na za mji wa kufikia. Nairobi iko mbele ya New York kwa saa nane wakati wa baridi kule Marekani, na kwa saa saba wanaposogeza saa zao mbele wakati wa joto. Ndiyo maana ndege inayoondoka Nairobi karibu na saa sita usiku hutua New York alfajiri au asubuhi mapema, na anayetazama tiketi kwa haraka akadhani safari ni ya saa saba. Tena, muda wa ratiba haupimwi kuanzia magurudumu yanapoachana na ardhi. Hupimwa kuanzia ndege inaposukumwa nyuma kutoka mahali ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena upande wa pili, pamoja na foleni ya kupaa na ile ya kuzunguka angani kusubiri kutua. Mashirika huongeza humo dakika za akiba ili ndege isihesabiwe kuwa imechelewa. Kwa hiyo saa 15 za ratiba huenda zikawa na saa 14 tu za kuwa angani.

Sasa tuuangalie umbali wenyewe, kwa kuwa hata huo si mwepesi kama unavyoonekana. Mtu akichukua ramani ya ukutani akapiga mstari kwa rula kutoka Nairobi hadi New York, mstari utapita Jamhuri ya Afrika ya Kati, Nigeria, Burkina Faso na Mauritania, kisha uingie Atlantiki. Lakini ramani ya ukutani ni dunia ya mviringo iliyolazwa kwenye karatasi bapa, na kulazwa huko hunyoosha mambo yasiyonyooka. Ukivuta uzi juu ya tufe lenyewe hadi ukaze, utaona umepanda kaskazini zaidi: kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini, ukingo wa Darfur, Chad, kaskazini mwa Niger, Algeria, kisha karibu na Marrakesh nchini Morocco, ndipo bahari. Njia hiyo ya uzi ni fupi kuliko ya mwenye kushika dira kwa mwelekeo mmoja kwa kilomita 350 hivi, ambazo ni karibu nusu saa ya kuruka. Msomaji aiweke akilini orodha ya nchi hizo, kwa sababu tutairudia. Njia fupi ya kijiometri haimjui rais wala jeshi, lakini kila kilomita yake ya nchi kavu iko juu ya nchi yenye mwenyewe.

Baada ya umbali huja upepo, na hapa wasomaji wa pwani wanajua jambo ambalo wengine wamelisahau. Kwa karne nyingi hakuna nahodha wa jahazi aliyejibu swali la siku ngapi kutoka Muscat hadi Unguja kwa kutaja umbali peke yake. Jibu lilitegemea kama ni kaskazi au kusi: kaskazi ilivileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikavirudisha, na aliyekosa msimu alikaa bandarini miezi. Ndege nayo ina misimu na pande zake. Katika kimo cha kilomita 10 hivi, hasa katika maeneo ya katikati ya nusu ya kaskazini ya dunia, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Injini huisukuma ndege ndani ya hewa, na hewa yenyewe ikiwa inakwenda, ndege huchukuliwa nayo au hurudishwa nyuma nayo. Februari 2020, kimbunga kilichoitwa Ciara kilipoikaribia Uingereza, ndege aina ya Boeing 747 ya British Airways iliruka kutoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56. Kwa kawaida safari hiyo huchukua saa sita hadi saba, na ndege zinazokwenda upande wa pili huhitaji saa saba hadi nane. Kati ya Nairobi na New York upepo huo huonekana zaidi katika nusu ya Atlantiki, kwa kuwa juu ya maeneo ya joto ya Afrika pepo za juu ni dhaifu zaidi. Hii ndiyo sababu moja inayofanya kwenda magharibi kuwe kugumu kuliko kurudi nyumbani.

Mwinuko wa uwanja nao una lake, na ni jambo ambalo linazihusu sana nchi zetu za nyanda za juu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Addis Ababa zaidi ya mita 2,300. Huko hewa ni nyepesi, na hewa nyepesi huwapa mbawa nguvu kidogo ya kunyanyua na injini pumzi kidogo ya kufanyia kazi. Joto la mchana huongeza tatizo hilohilo. Ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 inapoondoka uwanja wa aina hiyo huhitaji njia ndefu ya kurukia, na ya Nairobi inazidi mita 4,000, la sivyo ipunguze uzito. Mfano ulio wazi kabisa ni wa Ethiopian Airlines. Kwa miaka mingi ndege yake ya kwenda Washington ilipotoka Addis Ababa ilitua njiani, kwa muda Rome na baadaye Dublin, ili kuongeza mafuta. Ilipokuwa inarudi, ikiondoka Washington ambako uwanja hauko juu sana, na upepo ukiwa nyuma yake, iliruka moja kwa moja hadi Addis Ababa bila kugusa chini. Umbali ule ule, ndege ile ile, na upande mmoja una kituo ambacho upande wa pili hauna.

Hapo mwenye kupinga ana haki ya kusimama na kusema: basi hoja yako imekwisha. Umbali ni wa maumbile, upepo ni wa maumbile, mlima wa Addis Ababa haukujengwa na wizara yoyote. Maamuzi ya watu yanaingia wapi? Jibu zuri lingekuwa kupata viwanja viwili ambavyo umbali wake haukubadilika, upepo wake haukubadilika, aina ya ndege haikubadilika, halafu kikabadilika kitu kimoja tu cha kibinadamu, tukaona muda utafanya nini. Kipimo cha namna hiyo hakuna mtafiti ambaye angeweza kukiandaa, lakini vita vilikiandaa. Shirika la Finnair la Ufini lilijenga biashara yake kwa miaka mingi juu ya ukweli kwamba Helsinki ni mmojawapo wa miji mikuu ya Umoja wa Ulaya iliyo karibu zaidi na Japani na Korea kwa kupitia anga la Urusi. Kutoka Helsinki hadi Tokyo ni kilomita 7,800 hivi, na abiria alitumia saa tisa na nusu au kumi. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, nchi za Umoja wa Ulaya zilifunga anga lao kwa ndege za Urusi, na Urusi ikajibu kwa kufunga lake. Tangu hapo ndege hiyohiyo huzunguka ama kusini mwa Urusi ama kaskazini, karibu na Ncha ya Kaskazini na kupitia upande wa Alaska, na njia ya kaskazini hukaribia kilomita 13,000. Safari imekuwa ya saa 13. Saa tatu na zaidi ziliongezwa na karatasi ya serikali. Wala si dhana kwamba huenda kuna sababu nyingine, kwa kuwa mashirika ya China, ambayo Urusi haikuyazuia, yanaendelea kukata katikati, na kati ya miji ileile ya Ulaya na China ndege mbili za wenye bendera tofauti hutofautiana kwa muda.

Msingi wa nguvu hiyo ulithibitishwa Chicago mwaka 1944, katika mkataba wa usafiri wa anga wa kimataifa ambao kifungu chake cha kwanza kinatambua mamlaka kamili ya kila nchi juu ya anga lake. Kwa hiyo anga si uwazi wa bure. Ni mali yenye mlango, na mwenye mlango hutoza ada, huruhusu huyu na kumkatalia yule. Sasa tuirudie ile orodha ya nchi zilizo chini ya uzi wa Nairobi na New York. Vita vilipoanza Sudan Aprili 2023, anga la nchi hiyo lilifungwa kwa ndege za abiria. Mwaka huohuo, baada ya mapinduzi ya Julai, wanajeshi wa Niger walifunga anga lao mwanzoni mwa Agosti na kulifungua mwanzoni mwa Septemba. Libya, iliyo jirani na njia hiyo, kwa miaka mingi imekuwa eneo ambalo mashirika mengi hayapendi kulipita kwa sababu za usalama. Kwa majuma kadhaa ya Agosti 2023, basi, ukanda mpana wa Sahara ulikuwa kama umefungwa kufuli, na ndege kati ya Ulaya na kusini mwa Afrika zilizunguka mashariki au magharibi yake kwa mamia ya kilomita. Mafuta yaliyochomwa katika mizunguko hiyo yalilipwa na abiria, na saa zilizopotea hakuna aliyezirudisha.

Lakini mfano unaotugusa zaidi ni historia yenyewe ya njia ya Nairobi na New York. Mwaka 2009 shirika la Marekani, Delta, lilikuwa limetangaza safari ya Atlanta hadi Nairobi kupitia Dakar, tiketi zikauzwa, na sherehe zikaandaliwa. Siku ya kuanza ilipowadia mwezi Juni, mamlaka za usalama za Marekani zilikataa kutoa kibali kwa hofu za kiusalama, na safari ikafa kabla ya kuzaliwa. Mwaka 2014 Kenya Airways ilipokea ndege zake za kwanza aina ya Boeing 787, ambazo zina uwezo wa kufika New York. Kwa hiyo kuanzia mwaka huo ndege ilikuwapo, rubani alikuwapo, na kilomita zilikuwapo. Kilichokosekana ni karatasi. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilikuwa haijaiweka Kenya katika daraja la kwanza la usimamizi wa usalama, na uwanja wenyewe ulihitaji kurekebishwa, pamoja na kutenganisha abiria wanaofika na wale wanaoondoka. Daraja hilo lilipatikana Februari 2017, na ndege ya kwanza ya moja kwa moja ikaruka tarehe 28 Oktoba 2018. Shirika lilitangaza kuwa safari moja ingehitaji marubani wanne na tani 85 hivi za mafuta, kwa abiria wasiozidi 234. Tukihesabu kutoka mwaka ndege zilipofika, ni miaka minne ambayo msafiri wa Nairobi aliendelea kulipa saa nne au zaidi kila upande. Siwalaumu waliotaka viwanja viwe salama. Usalama hauna njia ya mkato. Ninachosema ni kwamba saa zile hazikuwa za umbali. Zilikuwa za kazi iliyochelewa kufanywa.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ya safari ndefu ni ndege zenye kasi zaidi, na kwamba tukisubiri teknolojia itatupa. Historia haiwaungi mkono. Boeing 707 iliyoanza kubeba abiria mwaka 1958 ilikuwa na mwendo unaokaribiana sana na wa ndege za leo. Sababu ni ya kimaumbile: ndege inapoukaribia mwendo wa sauti, hewa iliyo mbele yake hushindwa kupisha, na kila kilomita ya kuongeza mwendo hudai mafuta mengi kupita kiasi. Concorde iliuvuka mpaka huo, na mwaka 1996 iliruka kutoka New York hadi London kwa muda usiofika saa tatu, lakini ilibeba watu wapatao 100, ilikunywa mafuta kwa wingi mno, haikuwa na masafa ya kutosha kwa njia ndefu kama ya kwetu, na ilistaafishwa mwaka 2003. Muda uliopungua katika miaka 90 iliyopita umepungua kwa kuondoa vituo. Imperial Airways ya Uingereza ilipofungua njia ya London hadi Mwanza mwaka 1931, na mwaka uliofuata ikaifikisha Cape Town, safari nzima ilikuwa ya siku kumi au kumi na moja, yenye kulala hotelini kila usiku na kutua mara kwa mara kutia mafuta. Hata wakati huo siasa ilikuwa na sehemu yake: kwa sababu Italia haikuruhusu ndege za Waingereza kukatiza anga lake watakavyo, kwa miaka kadhaa abiria walishushwa Paris wakapanda treni hadi Brindisi, kusini mwa Italia, ndipo wakaendelea kwa ndege. Mei 1952, ndege ya kwanza ya abiria ya injini za jeti, Comet, iliondoka London kwenda Johannesburg kupitia Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika chini ya saa 24. Leo njia hiyohiyo ni ya saa 11 bila kutua. Mwendo wa ndege uliongezeka kati ya Comet na leo, ndiyo, lakini haukuongezeka maradufu. Vituo vitano ndivyo vilivyokula saa.

Tukikubali hilo, basi swali la muda wa safari katika Afrika ni swali la vituo. Chukua Dar es Salaam na Lagos. Kwa uzi wa tufe ni kilomita 4,250 hivi, yaani safari ya saa tano na nusu. Anayepitia Nairobi huongeza kilomita 250 tu, ambazo si kitu. Anayepitia Addis Ababa hufanya jumla ya kilomita 5,680. Anayepitia Dubai, kwa sababu huko ndiko tiketi ilikopatikana au ndiko ratiba zilikokutana, husafiri kilomita zaidi ya 9,800, umbali unaozidi mara mbili ya unaohitajika, akatoka barani Afrika ili aingie tena Afrika. Na kilomita hizo ni nusu ya gharama. Nusu ya pili ni kusubiri. Ndege ya kwanza inapotua saa moja baada ya ya pili kuondoka, msafiri hulala kwenye viti vya uwanja hadi kesho yake. Hakuna upepo wala mlima unaohusika na usiku huo. Ni ratiba mbili zilizopangwa na watu wasiosemezana.

Hapa kuna pingamizi la kweli ambalo halifai kupuuzwa, nalo ni la biashara. Wataalamu wa mashirika husema, na wana hoja, kwamba ndege isiyojaa ni hasara, na hakuna abiria wa kutosha kila siku kati ya kila miji miwili ya Afrika. Kituo kikubwa kama Addis Ababa huwakusanya watu kutoka miji mingi, kikawagawa upya, na kwa njia hiyo mtu wa Bujumbura hupata njia ya kufika Abidjan ambayo kamwe isingekuwapo kama tungesubiri ndege ya moja kwa moja. Njia ya Nairobi na New York yenyewe haikuwa rahisi kuiendesha kila siku mwaka mzima. Yote hayo nayakubali. Lakini yanathibitisha kwamba vituo vinahitajika. Hayathibitishi kwamba vituo tulivyo navyo, na saa za kusubiri tulizo nazo, haviwezi kuwa bora. Tena abiria hawapo kwa sababu gani? Njia ambayo tiketi yake ni ghali, yenye visa inayochukua wiki, na kulala njiani, haiwezi kuwa na abiria wengi. Kisha uchache wao hutolewa kuwa sababu ya kutofungua njia. Mduara huo hauvunjwi na shirika la ndege peke yake, kwa kuwa kodi za viwanja, visa na haki za kutua zimo mikononi mwa serikali.

Na serikali zetu zinalijua hilo, kwa maana zimeliandika. Mwaka 1999, huko Yamoussoukro, Ivory Coast, nchi za Afrika zilikubaliana kufunguliana anga ili shirika la nchi moja liweze kubeba abiria kati ya nchi nyingine bila kuombaomba kibali kwa kila njia. Karibu miaka 20 baadaye, Januari 2018, jijini Addis Ababa, nchi 23 zilizindua Soko Moja la Usafiri wa Anga la Afrika ili kutekeleza kilekile kilichokubaliwa, na nyingine zimejiunga baadaye. Hofu inayochelewesha utekelezaji inaeleweka: kila nchi ina shirika lake la taifa, mengi yanaishi kwa ruzuku, na mlango ukifunguliwa wenye nguvu watawameza wadogo. Hofu hiyo ina uzito, na mkataba mzuri lazima uweke masharti ya ushindani wa haki. Hata hivyo tuulizane ni nani anayelindwa kwa sasa. Abiria wa Dar es Salaam anayekwenda Lagos kupitia Ghuba haliachii shirika la Tanzania senti yake, wala la Nigeria. Anampa mtu wa tatu aliye nje ya bara. Mlango uliofungwa dhidi ya jirani umeacha dirisha wazi kwa wa mbali.

Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa inaanzia Mogadishu, ikafika Kinshasa, maana Kongo iliingia mwaka 2022 na Somalia ikafuata. Kutoka Dar es Salaam hadi Kinshasa ni kilomita zisizofika 2,700, kazi ya saa tatu na nusu hivi kwa ndege ya kawaida, juu ya nchi mbili tu ambazo zote ni wanachama na zote zina wasemaji wa Kiswahili. Mazungumzo ya kulifanya anga la Jumuiya kuwa moja yamekuwapo kwa miaka mingi. Mawaziri wa uchukuzi wa nchi wanachama wayamalize. Wafungue haki za kutua, wapunguze kodi zinazopandisha tiketi ya jirani kuliko ya Ulaya, na wayatake mashirika yao yakae meza moja kupanga saa za kuunganisha abiria. Na wewe msomaji, unapokata tiketi, usiridhike na bei na jina la shirika. Tazama muda wote kuanzia mlango wa kwanza hadi wa mwisho, linganisha na saa ambazo umbali wenyewe unazidai, kisha muulize mbunge wako tofauti hiyo inakwenda wapi.